Mzazi wa Radiamu

Butiama,
12 Januari 2025

Mjukuu wangu Hilda,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yamekataa kuelewana na kilima. Wewe kama u mzima nitajuaje, wakati hukanyagi hapa? Natumaini unakula chakula cha maana, si chipsi.

Barua hii anakuletea Mwanaharusi, yule mama wa khanga mwenye duka Iringo. Huku anakujaga kila siku ya mnada, na akirudi atakupitia hapo Bweri. Nimeshamwambia, hakukataa. Usiseme nikupigie simu. Sikio langu la kushoto limelala, la kulia linasikia likipenda, na nikiweka ile sauti kubwa majirani wanakaa kusikiliza habari za nyumba yangu kama redio. Mimi nilijifunza kuandika ukubwani. Mwalimu alinichekaga, eti nashika kalamu kama mwiko. Waliokuwa wanashika vizuri wote waliacha, mimi nikamaliza. Basi kalamu yangu nitaitumia.

Sasa nisikilize. Krismasi hukuja. Mwaka mpya hukuja. Nilichinja jogoo nikamla mwenyewe kwa hasira, na nyama ya hasira haina ladha. Mwanaharusi ananiambia, "Mama, Hilda yuko bize, anaandika kitabu cha nyuklia." Nikamwuliza nyuklia ndiyo nini. Akasema hajui, labda ni ile ya mabomu. Mabomu! Nimekusomesha fizikia ufundishe watoto wa watu, wewe umehamia kwenye mabomu? Kutoka Bweri mpaka Butiama si Ulaya. Unapanda gari asubuhi, chai unanywea kwangu.

Mambo yapo. La kwanza, watu wa Felisian wako wametuma mtu. Wanakuja kukuposa baada ya Pasaka, na wanauliza waje kwa nani. Nikamjibu, waje kwa nani tena, mtoto ana nyumba ngapi? Waje hapa. Lakini yule mtu alikunywa uji wangu akitazama chini, na mimi sikupenda alivyokuwa anatazama chini.

La pili ni Masatu, mtoto wa shemeji yangu. Siku hizi anapitapita kwenye mpaka wa shamba na kamba. Nikamwuliza, "Unapima nini?" Akasema, "Napima tu, Mama Mkubwa." Mtu hapimi tu. Huyu anataka isemwe kwamba nyumba ya Ghati haikuwa na mtoto, ili achukue mpaka kwenye jiwe ninaloanikia mihogo.

Situlii. Naanika mihogo nusu, naiacha, naenda kutazama barabara. Njoo, au andika.

Bibi yako,
Ghati


Bweri, Musoma,
18 Januari 2025

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepata nafuu, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia na hujampa ng'ombe. Mimi ni mzima, nakula ugali.

Bibi, si mabomu. Walimu wa sayansi tumeombwa kuandika kijitabu cha Kiswahili cha wanafunzi, kinachoeleza nishati ya nyuklia: umeme wake, matibabu yake hospitalini, na haya madini ya urani yaliyomo kwenye ardhi ya kusini mwa nchi yetu. Mimi nimepewa maneno. Kila neno nieleze maana yake na lilikotoka.

Kuna neno moja limenikamata. Nikueleze. Urani ni jiwe zito. Limejengwa kwa chembe ndogo kabisa zinazoitwa atomi, na atomi hizo hazitulii. Itafika siku atomi moja itatema kipande chake, na ikishatema si urani tena, ni kitu kingine chenye jina lingine. Ile ya kwanza wataalamu wanaiita mzazi. Iliyotokea wanaiita binti. Binti naye hatulii, anatema, anakuwa mzazi wa binti mwingine, wanafuatana hivyo mpaka wanafika kwenye madini ya risasi, na hapo ndipo ukoo unapotulia.

Neno hili la binti lina zaidi ya miaka mia moja. Walioona jambo hilo mwanzoni hawakuwa na jina la kulipa, wakaazima majina ya nyumbani. Kwa nini binti na si mwana wa kiume? Nimetafuta, sijakuta aliyeandika kwa uhakika. Wengine wanasema waliiga watu wa biolojia, ambao tayari walikuwa na seli mama na seli binti. Wengine wanasema ni kwa sababu binti naye atazaa. Siku hizi wapo wanaotaka tuache "binti", tuseme "zao", kama zao la shamba. Kikao chetu kimebishana mpaka chai ikapoa. Wewe ungesemaje?

Mimi kinachonisumbua ni kingine. Mzazi huyu hazai akabaki. Anageuka. Binti akishatokea, mzazi hayupo.

Pia nina jambo la kukuuliza Bibi, lakini si la kwenye barua. Nitakuja.

Mjukuu wako,
Hilda


Butiama,
26 Januari 2025

Mjukuu wangu Hilda,

Marahaba. Magoti ni yale yale, na dawa sijampa ng'ombe, nimempa jirani.

Jambo gani? Mtu anaandika kurasa mbili za mawe, halafu mwishoni ananiwekea jambo kama mfupa mlangoni, anaondoka! Tangu Mwanaharusi aisome hiyo sehemu kwa sauti (miwani nilikuwa siioni) sijakaa kitako. Ni mimba? Kama ni mimba sema. Ni Felisian amebadilika? Sema.

Na huyo mzazi wenu anayezaa akawa hayupo, mimi simtaki. Andikeni zao, andikeni binti, lakini mwanamke anayezaa akafutika saa hiyo hiyo, huyo amekufa kwa uzazi, na anaombolezewa. Hafundishwi watoto wa shule wakicheka.

Au ndiyo unataka kuniuliza habari ya mzazi? Basi nitaandika tena unayoyajua, maana naona mji umekusahaulisha. Mimi nilizaa wasichana watupu. Wakaolewa, wakaenda. Mume wangu akafa. Huku kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume inasemwa imezimika hata kama moshi unatoka. Nikafanya walivyofanya wanawake wa Mara kabla yangu. Nikatoa ng'ombe zangu mwenyewe, nikaoa. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa mwanamke akioa mwanamke. Nikamwoa Dorotea, mama yako, aje akae kwangu, azae kwa jina la nyumba yangu. Amezaa na mwanaume gani, halikuulizwa. Haliulizwagi. Padri wa wakati ule alikasirika, akaninyima komunyo. Nikahamia benchi la nyuma, nikaimba kuwashinda kwaya mpaka akachoka yeye. Dorotea alinipikia, nami nilimpikia. Ulipozaliwa nilikupokea kwa mikono hii, na jina la Hilda nilitoa mimi, wakati yeye alitaka kukuita Matrida. Alipokufa, wewe ukiwa unaingia sekondari, kwao walitaka kumchukua. Nikakataa. Amelala hapa, kando ya mihogo. Kwa hiyo swali la mzazi, jibu lake linakula ugali Butiama na linaumwa magoti.

Lingine. Mwanaharusi alikuona Jumamosi stendi, unapanda gari la Bunda. Bunda kuna nini? Shule yako haiko Bunda.

Jibu haraka.

Bibi yako,
Ghati


Butiama,
16 Februari 2025

Hilda,

Mimi mzima. Wewe sijui.

Minada imepita, Mwanaharusi anakuja mikono mitupu. Anasema anakukuta darasani, unamwambia, "Nitaandika, mama." Utaandika lini? Masatu jana amekuja na mtu mwingine, wakashika kamba huku na huku. Nikawamwagia maji ya vyombo. Akasema, "Mama Mkubwa, muulize mjukuu wako anaendaga wapi Jumamosi." Akacheka.

Mtu wa nje anajua mimi sijui. Umenifanya nini, Hilda?

Bibi yako


Butiama,
2 Machi 2025

Hilda,

Salamu sina. Leo nimeona picha.

Mwanaharusi alikuwa ananionyesha vitenge kwenye simu yake, akapitisha kidole, ukatokea wewe. Unacheka. Mkono umeinua hivi, na mkononi kuna ngozi ya mbuzi, mbichi, ina manyoya. Mwanaharusi akasema, "Hilda kaiweka WhatsApp, bangili nzuri ya asili." Khanga nilizokuwa nimeshika zikaanguka.

Ngozi ya mbuzi wa nani?

Bangili! Umekulia wapi wewe? Au uliondoka mdogo sana kwenda bweni, sikukuambia? Basi sikia. Mbuzi akichinjwa, kipande cha ngozi yake kikakatwa, kikavishwa mkononi mwa mtoto, maana yake ni moja: huyu ni wa kwetu. Mgeni havishwi. Rafiki havishwi. Ukivishwa ukanyamaza, umekubali. Na haikatwi kwa kisu wala mkasi. Anayeweza kuivua ni mwenye mtoto peke yake, na akivua anavisha yake. Asipoivua, ikakauka hapo mkononi ikakatika yenyewe, neno limekaa. Hakuna kikao cha kulirudisha.

Mwanaharusi anasema ile picha ni ya wiki iliyopita. Ngozi inakauka haraka, hasa kwa jua hili.

Nani amekuvisha?

Ghati


Bweri, Musoma,
5 Machi 2025

Shikamoo Bibi, ingawa najua hutaitikia.

Sikujua. Naapa kwa kaburi la mama, sikujua. Nilidhani ni zawadi ya kukaribishwa. Nilikuwa hata nauweka mkono dirishani, ikauke vizuri isinuke.

Nikueleze yote. Kwenye kazi yangu kuna habari ambayo sikukuandikia. Zamani, watu walipoipata radiamu, madini mengine yasiyotulia kama urani, walipiga hesabu wakaona kwamba inaisha mapema mno kuliko umri wa mawe inamokaa. Ilitakiwa iwe imekwisha zamani. Mbona bado ipo? Ikabidi wakubali kwamba kuna kitu kinaizaa kila siku na hawakijui. Wakaanza kukitafuta maabara hii na ile, na kabla hawajakiona walishakipa jina: mzazi wa radiamu. Nilisoma hayo mchana, wanafunzi wakifanya zoezi. Nikafunga kitabu, nikashindwa kusahihisha.

Mama alinitajia jina moja tu, mwaka ule wa mwisho: Baltazar wa samaki, Bunda. Nilienda. Kumpata si kazi, ana lori linalobeba sato kutoka Kisorya. Bibi, masikio yangu haya yaliyosimama, ambayo ulikuwa unayafunga kitambaa yalale, niliyakuta kwake. Alilia. Safari ya tatu alichinja mbuzi, akaita ndugu zake, akanivisha ile ngozi, wote wakashangilia, nami nikashangilia. Halafu akasema siku ya posa atakuja kukaa kiti cha baba. Nikanyamaza, maana sikujua la kusema mbele ya watu wengi hivyo.

Hilo ndilo jambo nililotaka kukuuliza. Kumtafuta ni kosa?

Niambie nifanye nini na ngozi. Niivue?

Mjukuu wako,
Hilda


Butiama,
9 Machi 2025

Hilda,

Kumtafuta si kosa. Kunificha ndiyo kosa, na kuvishwa ndiyo balaa.

Usiivue. Umevishwa mbele ya watu wakapiga makofi, uivae. Acha ikatike. Wageni waje Bunda, kwa mwenye lori, wale sato. Masatu ameshasikia. Jana ameenda Bunda kwa gari, yeye ambaye hata kanisani anaonaga mbali, amekwenda kumwambia huyo Baltazar asimame imara kama baba. Akisimama yeye kama baba, mimi sina mtoto, na kamba ya Masatu inafika jikoni.

Kaburi la Dorotea liko ndani ya hiyo kamba. Ulifikiria hilo?

Uliandika mwenyewe mwezi wa kwanza. Binti akishatokea, mzazi hayupo. Mimi nikakasirika bure. Kumbe ulikuwa unaniambia.

Usinijibu.

Ghati


Bweri, Musoma,
13 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Umesema nisijibu. Najibu. Ukaidi huu nimeutoa kwako, si Bunda.

Niliyokuandikia mwezi wa kwanza yalikuwa kweli nusu. Nilikuandikia habari ya atomi moja. Moja ikigeuka, ndiyo, haipo. Lakini hakuna mtu anayeokota atomi moja. Anaokota jiwe, na jiwe lina atomi nyingi kuliko mchanga wa ziwa lote hili, nazo hazigeuki pamoja. Leo hii, kesho ile, nyingine haitageuka hata wajukuu wa wajukuu wetu wakizeeka. Na katika ukoo wote huo, wa polepole kuliko wote ni yule wa mwanzo. Urani. Tangu dunia iwepo, imepungua kama nusu tu.

Sikukumalizia pia ile habari ya mzazi wa radiamu. Walimpata. Lakini walipompata wakaona naye ni wa kupita, angekuwa ameisha zamani kama asingekuwa na aliye juu yake. Wakapanda, wakapanda, mwisho wa ngazi wakamkuta urani, mzito, hana haraka, bado yupo. Radiamu inaonekana duniani leo kwa sababu yake. Huyo wa karibu waliyemtafuta kwa hamu ni wa katikati tu.

Unakumbuka lile gogo kubwa jikoni kwako, ambalo asubuhi tunaligonga linatoa kaa, tunawasha mafiga? Makaa yanakuwa majivu kila siku. Gogo lipo. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi sasa.

Ngozi bado ninayo. Asubuhi na jioni naipaka mafuta ya kujipaka isikauke. Darasa zima linanuka mbuzi. Sitaiacha ikatike, Bibi. Nasubiri mkono wako.

Mjukuu wako,
Hilda


Bweri, Musoma,
11 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Mwanaharusi anasema barua yangu uliisoma mara mbili, ukaitia kwenye kopo la chumvi, ukauliza bei ya khanga. Basi mimi nahesabu kwamba umeisoma.

Ngozi imepasuka upande mmoja. Mafuta hayasaidii tena, naifunga kwa kitambaa cha maji, hata kulala nalala nayo hivyo. Nikiandika ubaoni natumia mkono mwingine, na maandishi yangu yamekuwa kama ya kuku. Mkuu wa shule ameuliza kama nimeungua.

Nimeenda Bunda mara ya mwisho. Nimemwambia Baltazar, "Wewe nakushukuru, na masikio nimeyaona, nitakuja kukusalimia maisha yangu yote. Lakini siku ya posa ukikaa upande wa wenye nyumba, mimi sitatoka ndani." Alikasirika. Akaniambia, "Kwa hiyo mimi ni nani?" Nikamwambia, "Mgeni wangu. Kaa na wageni." Akapanda lori lake akaondoka bila kuniaga. Sijui atafanya nini. Masatu amempigia simu nyingi.

Pasaka ni Jumapili ya wiki ijayo. Naogopa, Bibi. Si posa ninayoogopa. Naogopa huu mpasuko.

Mjukuu wako,
Hilda


Butiama,
13 Aprili 2025

Hilda,

Nimekununulia mbuzi. Beberu mweusi, mkorofi, amekula khanga yangu moja ya uani.

Njoo kabla ya wageni. Usije na mafuta, hata hii barua yako inanuka. Na mkono usiunyooshe nyooshe kwenye gari.

Bibi yako,
Ghati


Butiama,
6 Mei 2025

Mjukuu wangu Hilda,

Marahaba nilikupa kwa mdomo, hii nyingine ni ya kalamu. Mimi mzima. Magoti yamefanya kazi Jumamosi kuliko mwaka mzima, sasa yanadai.

Umeondoka Jumapili alfajiri kukimbilia shule yako, hukuuliza yaliyosemwa nje. Najua hukusikia. Nilishakuvua ile ngozi na kukuvisha yangu, mkakaa chumbani na wanawake mnapiga vigelegele mpaka sikio langu lililolala likaamka. Basi nakuandikia uyajue kwangu, usiyasikie kwa Mwanaharusi ambaye ataongeza chumvi.

Wageni walikaa. Mzee wao akauliza inavyoulizwaga: "Tumekuja kwa mwenye mtoto. Ndiye nani?" Nikaanza kusimama. Unayajua magoti yangu. Kabla sijafika juu, Masatu alishafika. Akasema, "Wageni, tusipotezeane muda. Huyu mama ni mjane, hana mtoto. Baba wa binti yule pale, ametoka Bunda. Semeni naye."

Watu wote wakageuka. Mimi nimebaki katikati, nusu nimesimama, nusu nimekaa, nimeshika fimbo.

Baltazar alikuwa amekaa kule kwa wageni, mwisho wa benchi. Nilimtazama masikio. Ni kweli ni ya kwako, pole. Akasimama taratibu, kofia mkononi. Hilda, mimi siogopagi. Padri sikumwogopa, shemeji zangu sikuwaogopa. Lakini yule mtu alipokuwa anageuza geuza kofia yake niliona kaburi la Dorotea lote, na mihogo, na wewe, na mimi mwenyewe, tumo ndani ya ile kofia.

Akasema, "Mimi ni mgeni. Nimeleta sato, wako kwenye ndoo, wapikwe kabla hawajaharibika. Mtoto nilimvisha ngozi Bunda. Leo asubuhi amekuja kunisalimia, nimetazama mkono. Ngozi ni nyeusi. Mbuzi wangu alikuwa mweupe." Halafu akanielekeza kwa kofia. "Mwenye mtoto ni mama yule. Msaidieni asimame."

Akakaa.

Sikusaidiwa na mtu. Nilisimama mwenyewe. Mzee wa kina Felisian akaniambia, "Mama, hodi." Nikamwambia, "Karibuni. Mmechelewa, na uji umepoa." Wakacheka, kikao kikaanza.

Baltazar nilimpa kidari cha mbuzi. Usifurahi sana. Hiyo ni nyama ya mgeni wa heshima, si ya mwenye nyumba, na yeye alijua, aliipokea kwa mikono miwili. Wakati wa kuondoka aliniuliza kama anaweza kuja siku nyingine kuona alipolala Dorotea. Nikamwambia aje, lakini asije na lile lori, harufu yake inatangulia.

Kuhusu kitabu chako. Binti au zao, mtakavyoandika sawa, mimi sina kiti kwenye kikao chenu. Lakini pale kwa yule wa mwanzo, asiye na haraka, ambaye bado yupo, usije ukafuta hata nukta. Lile la gogo lifute. Mimi si gogo.

Masatu aliondoka kabla ya chakula, akasahau kamba yake. Ni kamba nzuri, ya katani, mpya kabisa. Nimefungia ndama.

Na hiyo ngozi uliyonayo sasa, usiipake mafuta. Usiifunge kitambaa cha maji. Andika ubaoni na mkono wako, nenda nayo juani.

Iache ikauke.

Mimi bado nipo,
Bibi yako,
Ghati